Kutoka "Kiyeyushi cha Kijani" hadi Kiyeyushi Rafiki: Kemia, Istilahi na Sera ya Uziduaji wa Dawa za Mimea katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Uziduaji ni kazi ya kutoa kampaundi zenye manufaa kutoka katika majani, magamba, mizizi au maua ya mimea kwa msaada wa kimiminika kiitwacho kiyeyushi. Kwa miongo mingi viwanda vimetegemea viyeyushi vitokanavyo na petroli, hasa heksani. Makala haya yanaeleza viyeyushi mbadala vinavyopendekezwa leo, jinsi vinavyofanya kazi na mipaka yake, kwa kurejelea historia ya artemisia na mazingira ya Kisoko, wilayani Tororo. Yanadai kwamba istilahi "kiyeyushi cha kijani" huwaficha watunga sera maswali matatu ya msingi: nani analindwa, joto la kukausha ziduo linatoka wapi, na mabaki yanakwenda wapi. Mwishoni yanapendekeza istilahi na maelezo ya lebo yanayoweza kueleweka pande zote mbili za mpaka.

Maneno muhimu: uziduaji, kiyeyushi, artemisia, istilahi, sera ya lugha, Afrika Mashariki

1. Utangulizi

Kisoko ni kaunti ndogo katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Iko West Budama, eneo ambalo wakazi wake wengi ni Wapadhola. Upande wa kusini imo wilaya ya Busia ya Uganda, na ng'ambo ya mpaka imo kaunti ya Busia ya Kenya. Katika masoko ya ukanda huu Kidhopadhola, Kiteso, Kisamia na Kigwe husikika kwa siku moja, na dereva wa lori anayesubiri karatasi zake Malaba hawezi kuzijua lugha zote hizo. Kiswahili humfaa yeye na anayemuuzia chakula.

Ukanda huu pia umejulikana kwa muda mrefu katika tafiti za malaria. Vipimo vilivyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikadiria kwamba mkazi wa maeneo ya Tororo angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Kuanzia mwaka 2006 vituo vya afya vya umma vya Uganda na Kenya vilianza kutoa dawa mseto zenye asili ya artemisini, kampaundi inayopatikana katika majani ya artemisia. Hivyo basi, mtoto anayepewa vidonge vya malaria katika zahanati ya ukanda huu anategemea kazi moja iliyofanyika mbali naye: mtu fulani alimimina kimiminika juu ya majani makavu, akakichuja, akakivukiza, na kubaki na unga.

Kimiminika hicho ndicho kiini cha makala haya. Katika kemia ya leo kuna juhudi kubwa ya kubadilisha viyeyushi vya hatari kwa vingine vyenye madhara madogo. Juhudi hiyo inawahusu Waafrika Mashariki kwa sababu eneo lao lina mimea ya dawa, lina miwa na mihogo inayoweza kutoa ethanoli, na lina serikali zinazotaka kuongeza thamani ya mazao kabla ya kuyauza nje. Wakati huohuo, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia utekelezaji wa uamuzi wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuagiza kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Lugha inayopewa hadhi hiyo haina budi kuweza kumwambia mfanyakazi wa kiwandani kilichomo ndani ya pipa lililo mbele yake.

2. Kuyeyuka, kumumunyika na kuzidua

Ugumu wa kwanza ni wa istilahi. Katika Kiswahili cha kila siku kitenzi "yeyuka" hubeba maana mbili. Barafu huyeyuka juani, na sukari huyeyuka katika chai. Kwa mpishi tofauti hiyo haina uzito. Kwa mkemia ni matukio mawili yasiyofanana. Barafu imebadilisha hali kwa sababu ya joto, ikabaki maji yaleyale. Sukari imetawanyika miongoni mwa molekuli za maji, na inaweza kurudishwa kwa kuyavukiza maji hayo.

Katika uziduaji matukio yote mawili yanaweza kutokea ndani ya chombo kimoja. Nta iliyo juu ya jani inaweza kuyeyuka kwa joto ilhali kampaundi inayotakiwa inaingia katika kimiminika bila joto lolote. Fundi akiambiwa "yeyusha", anaweza kuongeza moto pale ambapo moto utaharibu dawa. Ndiyo sababu baadhi ya wanaistilahi hupendelea "mumunya" na minyambuliko yake: kumumunyika, mumunyifu, kimumunyishi. Mzizi huo una faida ya picha iliyo hai, kwa kuwa kila aliyewahi kumumunya peremende anajua kwamba kitu kigumu kinaweza kuisha kinywani bila kuchemshwa. Hata hivyo, "kiyeyushi" kimezoeleka zaidi na ni chepesi kutamkika. Makala haya yanatumia "kiyeyushi" kwa kimiminika chenyewe, na "kumumunyika" kwa tendo la kampaundi kuingia ndani yake. Kitenzi "kuyeyuka" kinaachiwa tukio la joto.

"Kuzidua" ni kutoa kitu kilichomo ndani ya kitu kingine, na kinachopatikana ni "ziduo". Istilahi hii inatofautiana na majina ya kazi ambazo jamii zimekuwa zikizifanya tangu zamani: kutwanga, kuloweka, kuchemsha, kukamua, kuchuja, kufukiza na kukeneka. Zote hizo ni hatua au mbinu za uziduaji. Mganga anayeloweka magamba usiku kucha na kuyachuja asubuhi ametumia kiyeyushi, yaani maji, na amechagua halijoto na muda. Katika Kijaluo, lugha yenye undugu na Kidhopadhola, neno "yath" hutaja mti na dawa vilevile. Kiswahili nacho hufupisha safari hiyo kinaposema "mitishamba". Kilicho katikati ya mti na dawa, yaani kiyeyushi, hakina jina katika mazungumzo ya kawaida, na kisicho na jina ni rahisi kukisahau.

3. Kwa nini heksani ilitawala

Kanuni ya msingi ya umumunyikaji husema kwamba vitu vinavyofanana humumunyishana. Molekuli za maji zina ncha zenye chaji chanya na hasi, kwa hiyo hupokea chumvi, sukari na kampaundi nyingine zenye ncha kama hizo. Mafuta, nta na baadhi ya kampaundi za dawa hazina ncha za namna hiyo, na huyakataa maji. Heksani, yenye atomi sita za kaboni na kumi na nne za haidrojeni, nayo haina ncha. Huzipokea kampaundi hizo kwa urahisi na kuziacha sukari na chumvi ndani ya jani. Kwa lugha ya fundi, heksani huchagua.

Sifa yake ya pili ni kwamba huchemka kwenye nyuzijoto 69 hivi, kwa hiyo ni rahisi kuivukiza na kuirejesha kwenye pipa. Ya tatu ni bei: hupatikana katika usafishaji wa petroli. Sifa hizo tatu ndizo zilizoifanya itumike kutoa mafuta ya soya na alizeti, pirethrini za maua ya pareto, na artemisini.

Gharama yake hulipwa na wengine. Mvuke wa heksani huwaka upesi na ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi ukutane na cheche. Mwilini hubadilishwa kuwa kampaundi inayoharibu neva za pembeni. Katika miaka ya 1960 madaktari nchini Japani na Italia waliwakuta mafundi wa viatu na kandambili, waliokuwa wakitumia gundi yenye heksani katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha, wakiwa na ganzi ya vidole vya miguu iliyopanda polepole hadi udhaifu wa misuli. Dalili hiyo huanza kimya. Mfanyakazi husema miguu yake imekufa ganzi, hulaumu kusimama muda mrefu, na kurudi kazini kesho yake. Kuhusu mlaji, Umoja wa Ulaya kupitia agizo lake la mwaka 2009 uliweka kikomo cha mabaki ya heksani katika mafuta ya kula kuwa miligramu 1 kwa kilo. Kiwanda cha Afrika Mashariki kinachotaka kuuza huko hakiwezi kukwepa hesabu hiyo.

4. Somo la artemisia

Historia ya artemisini inaonyesha jinsi uchaguzi wa kiyeyushi unavyoweza kuamua kama dawa itaonekana au haitaonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa China, Tu Youyou, aliongoza kundi lililokuwa likichunguza mimea ya tiba asilia dhidi ya malaria. Maziduo ya artemisia yalitoa matokeo yasiyotabirika. Tu alirejea kitabu cha tiba cha Ge Hong, mwandishi wa karne ya 4, na kuona kwamba maelekezo yake yalitaja kuloweka mmea katika maji na kuukamua, bila kuuchemsha. Alihisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Alibadilisha utaratibu, akatumia etha, inayochemka kwenye halijoto ya chini, na mwaka 1971 akapata ziduo lililofanya kazi kikamilifu kwa wanyama wa maabara. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba.

Kwa mtafiti wa lugha, tukio hilo lina uzito wa pekee. Kitenzi kimoja katika maelekezo ya kale, "kukamua" badala ya "kuchemsha", kilihifadhi taarifa ya kikemia kwa zaidi ya miaka 1,600. Anayekusanya maarifa ya mitishamba Kisoko au Busia na kuandika tu kwamba mmea fulani "hutumika kutibu homa" ameacha nusu ya maarifa. Alipaswa kuandika kama uliloweshwa au ulichemshwa, kwa maji baridi au ya moto, kwa pombe au kwa samli, na kwa muda gani.

Somo la pili linahusu mipaka. Artemisini haimumunyiki vizuri katika maji, na kiasi chake katika majani makavu kwa kawaida huwa karibu asilimia 1, kikipanda au kushuka kulingana na mbegu, udongo na wakati wa mavuno. Chai ya artemisia hivyo humpa mgonjwa dozi ndogo isiyojulikana. Shirika la Afya Duniani halikubali matumizi ya mmea huo kwa namna yoyote isiyo ya dawa iliyosafishwa ili kutibu au kuzuia malaria, na lilirudia msimamo huo mwaka 2019. Sababu yake imeongezeka uzito: mwaka 2021 watafiti walichapisha ushahidi kwamba vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisini vilikuwa vimejitokeza kaskazini mwa Uganda. Uchaguzi wa kiyeyushi rafiki kwa hiyo hauwezi kuwa sababu ya kurudia maji ya moto pale ambapo maji hayafai. Maji ni salama kwa anayeyashika, lakini katika kisa hiki yanaweza kumwacha mgonjwa bila tiba.

5. Viyeyushi mbadala

Mwaka 1998 Paul Anastas na John Warner walichapisha kanuni kumi na mbili za kile walichokiita kemia ya kijani. Kanuni ya tano inataka viyeyushi na visaidizi vingine viepukwe inapowezekana, na visiwe na madhara vinapotumika. Ya saba inahimiza malighafi zinazoweza kupandwa tena. Kutokana na mwelekeo huo, makundi manne yamepata umaarufu katika uziduaji wa mimea.

5.1 Maji

Maji hayawaki, hayana sumu na hupatikana. Yakipashwa joto zaidi ya nyuzi 100 yakiwa yamefungwa chini ya shinikizo ili yasigeuke mvuke, tabia yake hubadilika: nguvu ya ncha zake hupungua na huanza kupokea kampaundi ambazo kwa kawaida huzikataa. Mbinu hiyo hufaa kwa kampaundi zinazostahimili joto. Kwa zisizostahimili, kama artemisini, haifai.

5.2 Ethanoli

Ethanoli ndiyo kiyeyushi mbadala kilicho karibu zaidi na uwezo wa eneo hili. Hutengenezwa kwa kuchachua sukari au wanga, na Afrika Mashariki ina mitambo yake: Kakira, karibu na Jinja, na Muhoroni, magharibi mwa Kenya, hutoa ethanoli kwa kutumia molasi ya miwa. Miwa hulimwa pia katika kaunti ya Busia. Ethanoli ina upande wenye ncha na upande usio nazo, hivyo hupokea kampaundi za aina nyingi, na ikichanganywa na maji kwa uwiano tofauti fundi anaweza kurekebisha kinachotoka.

Udhaifu wake unatokana na ukarimu huohuo. Ikimiminwa juu ya majani, hutoa dawa pamoja na klorofili, sukari na nta kiasi, na ziduo huwa na rangi ya kijani kibichi. Ziduo hilo linahitaji kusafishwa, na usafishaji unaweza kudai kiyeyushi cha pili. Aidha, ukenekaji wa kawaida haupiti kiwango cha asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzito, kwa sababu katika kiwango hicho ethanoli na maji huvukizwa kwa pamoja kwa uwiano uleule. Anayehitaji ethanoli kavu zaidi lazima aongeze hatua nyingine na gharama.

5.3 Kaboni dayoksaidi

Kaboni dayoksaidi ikizidishiwa joto kupita nyuzi 31 na kubanwa kwa shinikizo la zaidi ya mara 73 ya lile la hewa ya kawaida, hufikia hali ambamo gesi na kimiminika havitofautishwi. Hupenya ndani ya jani kama gesi na kumumunyisha kama kimiminika. Shinikizo likishushwa hugeuka gesi tena, ikaondoka bila kuacha mabaki. Katika miaka ya 1960 Kurt Zosel, aliyekuwa mtafiti mjini Mülheim, Ujerumani, aliitumia kuondoa kafeini katika kahawa, na tangu hapo imeingia viwandani. Katika tasnia ya pareto hutumika kusafisha ziduo lililotolewa kwanza kwa heksani. Kikwazo ni mtaji: vyombo vinavyostahimili shinikizo hilo ni ghali, na vinahitaji umeme usiokatika na mafundi waliofunzwa. Kikundi cha wakulima hakiwezi kuvinunua peke yake, ingawa ushirika mkubwa au taasisi ya umma inaweza.

5.4 Michanganyiko ya yutektiki

Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake nchini Uingereza walieleza kwamba yabisi mbili, koloni kloridi na urea, zikichanganywa kwa uwiano maalumu hugeuka kimiminika katika halijoto iliyo chini sana ya ile inayoyeyusha kila moja peke yake. Mwaka 2011 Young Hae Choi na wenzake nchini Uholanzi walionyesha kwamba michanganyiko ya namna hiyo inaweza kutengenezwa kwa vitu vya mimea yenyewe, kama sukari na asidi za matunda. Viyeyushi hivi havivukizwi kwa urahisi, hivyo havimwingii mfanyakazi kwa pumzi. Lakini kwa sababu hiyohiyo ni vigumu kuvitenganisha na dawa baada ya uziduaji, na uzito wake unaofanana na wa asali hufanya uchujaji uwe wa polepole. Vinafaa zaidi pale ambapo ziduo litatumika pamoja na kiyeyushi chake, kwa mfano katika vipodozi.

6. Rafiki wa nani?

Makundi haya manne yote huitwa "ya kijani" katika maandishi ya kitaalamu, na tafsiri sisisi imeingia katika Kiswahili. Istilahi hiyo ina kasoro ya wazi. Katika kazi ya majani, "kiyeyushi cha kijani" kitaeleweka kwanza kuwa ni kiyeyushi chenye rangi hiyo, na kama ilivyoelezwa, ethanoli hutoka katika majani ikiwa na rangi hiyo hasa. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba jina hilo linatoa hukumu bila kutaja vigezo. Visa vitatu vinaonyesha hatari yake.

Kisa cha kwanza kinahusu hewa. Mwaka 2006 Alexei Lapkin na wenzake walilinganisha mbinu za kuzidua artemisini zikiwemo zile za viyeyushi vya petroli, ethanoli, kaboni dayoksaidi, vimiminika vya ayoni, na gesi moja ya jamii ya haidrofluorokaboni. Gesi hiyo haiwaki na hufanya kazi kwenye halijoto ya chini, hivyo kwa mfanyakazi na kwa dawa ina faida. Lakini uwezo wake wa kuzuia joto angani kwa kipindi cha miaka 100 ni zaidi ya mara 1,300 ya ule wa kaboni dayoksaidi. Tarehe 15 Oktoba 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza uzalishaji na matumizi ya jamii hiyo ya gesi. Kiyeyushi kilichokuwa rafiki sakafuni mwa kiwanda kilikuwa adui juu ya paa lake.

Kisa cha pili kinahusu joto. Kuvukiza kilo moja ya heksani huhitaji takriban kilojuli 335 za nishati, ethanoli 840, na maji 2,260. Kwa hiyo kukausha ziduo la ethanoli hudai nishati mara mbili na nusu ya ile ya heksani, na la maji karibu mara saba. Nishati hiyo ikitoka kwenye kuni, kama ilivyo kwa wakenekaji wengi wa waragi na chang'aa, kiyeyushi kilichosifiwa kuokoa mazingira kitaimaliza miti. Ikitoka kwenye bagasi ya miwa au jua, hesabu hubadilika. Kiyeyushi hakiwezi kupimwa bila tanuri lake.

Kisa cha tatu kinahusu upotevu na mabaki. Tuchukue kiwanda cha kufikirika kinachotumia lita 5,000 za kiyeyushi kwa tani moja ya majani makavu na kurejesha asilimia 98. Lita 100 zitapotea hewani, katika maji taka na katika makapi. Ikiwa majani yana artemisini asilimia 1 na yote imepatikana, tija ni kilo 10, yaani kila kilo ya dawa imegharimu lita 10 za kiyeyushi kilichopotea. Zikiwa ni za heksani, makapi hayawezi kurudishwa shambani kabla ya kukaushwa kwa uangalifu. Zikiwa ni za ethanoli, makapi yanaweza kuwa mboji, ingawa hatari ya moto inabaki.

Kwa kuzingatia visa hivyo, makala haya yanapendekeza istilahi "kiyeyushi rafiki", kwa sharti kwamba kila inapotumika rasmi ifuatwe na mhusika: rafiki kwa mfanyakazi, rafiki kwa mtumiaji, au rafiki kwa mazingira. Neno "rafiki" tayari limezoeleka katika usemi "rafiki kwa mazingira", na kwa tabia yake huzaa swali la kisarufi na la kisera kwa pamoja: rafiki wa nani? "Kijani" halizai swali hilo. "Salama" ni hatari zaidi, kwa kuwa humfanya msikilizaji asahau kwamba ethanoli huwaka. "Nafuu" huchanganywa na bei.

7. Spiriti, lebo na mpaka

Uzito wa maneno huonekana zaidi pale kiyeyushi kinapotoka maabara na kuingia sokoni. Katika biashara ndogo za Afrika Mashariki neno "spiriti" hutumika kwa vimiminika kadhaa: ethanoli safi, ethanoli iliyochanganywa makusudi na methanoli ili isinyweke, na pengine vimiminika vya kusafishia. Methanoli hupofusha na kuua. Mwaka 2010 makumi ya watu walifariki wilayani Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, baada ya kunywa waragi iliyokuwa na methanoli. Ikiwa sera itawahimiza watengenezaji wa dawa za mimea watumie ethanoli, na ikiwa neno la dukani litabaki "spiriti", si ajabu mtengenezaji mwaminifu akaloweka magamba katika kimiminika kisichofaa na kumuuzia jirani yake.

Mfumo wa sheria una nafasi ya kushughulikia jambo hili. Uganda ilipitisha Sheria ya Tiba Asilia na Tiba Saidizi mwaka 2019, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa husajili bidhaa za mitishamba. Kenya ina Bodi ya Dawa na Sumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango ya mwaka 2006. Tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kimezinduliwa rasmi, na ofisa wa upande mmoja hufanya kazi jirani na wa upande wa pili. Chupa ya dawa ya mitishamba inayovuka hapo husomwa na maofisa wa nchi mbili, na baadaye na mnunuzi. Mara nyingi lebo huandikwa Kiingereza, au hutoa sifa kwa Kiswahili na kunyamaza kuhusu yaliyomo. "Haina kemikali" ni mojawapo ya sifa hizo, ilhali maji yenyewe ni kemikali. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lebo yenye sifa nyingi na taarifa chache inajitembeza.

Lebo ya kutosha haihitaji maneno mengi. Inaweza kusema: "Ziduo la magamba ya mti fulani. Kiyeyushi: ethanoli asilimia 70, maji asilimia 30. Kiyeyushi kimevukizwa, mabaki yamepimwa na hayazidi kiwango kilichoruhusiwa. Halikuchemshwa." Sentensi hizo humpa mkaguzi cha kupima, humpa daktari cha kujua mgonjwa akizidiwa, na humpa mtengenezaji mwingine taarifa aliyoipata Tu Youyou kwa Ge Hong: kama joto lilitumika.

8. Hitimisho na mapendekezo

Viyeyushi mbadala vinatoa fursa ya kweli kwa Afrika Mashariki, hasa ethanoli ya miwa inayoweza kupatikana karibu na mashamba ya mimea ya dawa. Hata hivyo hakuna kiyeyushi kilicho bora kwa kila mmea, kila kiwanda na kila mtu anayeguswa. Makala haya yanapendekeza mambo matano.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na asasi za lugha za nchi wanachama zisanifishe kwa pamoja istilahi za msingi za uziduaji, zikitenganisha "kuyeyuka" kwa joto na "kumumunyika" ndani ya kiyeyushi.

Pili, neno "spiriti" lisikubaliwe kwenye lebo, ankara wala leseni. Kimiminika kitajwe kuwa ethanoli au methanoli, na kiwango chake kiandikwe.

Tatu, kila ombi la ruzuku au leseni linalodai kutumia kiyeyushi rafiki lijibu maswali matatu: ni rafiki wa nani, joto la uvukizaji linatoka wapi, na makapi yanakwenda wapi.

Nne, watafiti wa maarifa asilia wa ukanda wa Tororo na Busia waandike mbinu ya uandaaji sambamba na jina la mmea, kwa lugha ya mtoa taarifa na kwa Kiswahili, na vitenzi kama kuloweka, kukamua na kufukiza vitunzwe kama data.

Tano, mafunzo ya usalama viwandani yatolewe kwa Kiswahili na kwa lugha za eneo husika, na yataje ganzi ya miguu kwa jina lake miongoni mwa dalili za heksani. Mfanyakazi aliyesikia mapema kwamba ganzi hiyo inaweza kutoka kwenye pipa atamwambia msimamizi wake ilhali neva zake bado zinaweza kupona.